Mama Visanduku na Mtu wa Kumi na Mbili

Simpendi mwanamke huyu, na sitajifanya nampenda ili hadithi yake ipendeze. Tulifanya kazi jengo moja kwa miaka mitatu. Nimekunywa chai yake, nimekaa kwenye warsha zake saba, nimeandika matumaini yangu kwenye vikaratasi vyake vya kubandika ukutani, na nimempigia makofi. Makofi hayo ndiyo yanayoniwasha mikono hadi leo.

Cheo chake kilikuwa kirefu kuliko chumba chake. Mlangoni palikuwa na kibao: Afisa wa Uanuwai, Usawa na Ujumuishi. Ndani palikuwa na meza, viti vitatu, kabati la chuma na harufu ya karatasi mbichi, maana kabla ya kukabidhiwa yeye, chumba kile kilikuwa stoo ya karatasi zilizoharibika. Kiwanda chetu ni cha uchapishaji. Tunachapa vitabu vya shule, kalenda, vipeperushi na lebo za dawa, na tuko wafanyakazi mia mbili na arobaini. Wengi wetu hatukuwa na habari na cheo kile kirefu. Tulimwita Mama Visanduku.

Jina lilitokana na fomu zake. Kila baada ya miezi michache alikuja na fomu mpya, na kila fomu ilijaa visanduku vya kutia alama ya vema. Jinsia, kisanduku. Umri, kisanduku. Je, unajisikia kuwa sehemu ya familia ya kiwanda? Sana, kiasi, kidogo. Siku moja mlinzi wa getini alimsimamisha.

"Mama, na sisi tusiopata usingizi tuna kisanduku chetu?"

"Andika kwenye Mengineyo," alijibu, wala hakucheka.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, karibu miaka hamsini, mwenye koti la kijivu na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani. Alikuwa na taratibu zake. Kwenye mkutano alifika wa kwanza na kukaa pale pale, mgongo dirishani, sisi wote tukimwelekea kwenye mwanga. Mtu akiuliza swali, alilirudia kwanza: "Mwenzetu anauliza kama likizo ya uzazi itawahusu na vibarua. Ni hivyo?" Na hakuruhusu mtu aongee akiwa amekaa. Ilikupasa unyanyue mkono, usimame, uelekeze uso mbele. Sisi vijana tuliotoka chuoni tuliona hiyo ndiyo heshima yenyewe. Hapa hatimaye kuna kiongozi anayesikiliza.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa wa ofisi ya utumishi. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga chapa mikataba ya watu waliomzidi mshahara, kisha akawa karani. Kiti cha mkuu wa utumishi kilibaki wazi mara tatu, na mara zote tatu alipewa mwanamume. Wa mwisho kati yao, ni yeye mwenyewe aliyemfundisha kujaza fomu ya likizo. Hayo si siri, aliyasimulia warshani, na alipoyasimulia sauti yake ilikauka na watu walitulia kweli.

Halafu wachapishaji wakubwa, wale wanaotupa kazi ya vitabu vya shule, wakaanza kudai nembo ya usawa. Kiwanda kisicho na nembo hakipewi zabuni. Mkurugenzi alihitaji afisa haraka, awe mwanamke ikiwezekana, tena asiye na gharama. Alimwita karani wake wa utumishi, akampa kibao na ile stoo. Hakumpa mamlaka ya kutia sahihi. Hata kiti cha ziada hakuweza kuagiza mpaka meneja utumishi, yule yule aliyefundishwa naye fomu ya likizo, atie mkono. Alipewa ahadi moja tu. Nembo ikipatikana, ataingia kwenye kamati ya uongozi.

"Nikishaingia mle ndani," alizoea kutuambia, "nitawafungulia mlango."

Nilimwamini. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu hasira ya mtu ambaye hakuwahi kuamini ni kelele tu.

Niliwahi kutumwa kumbebea mabango kwenye mkutano wa maafisa wenzake, hoteli moja yenye zulia nene. Walikuwa kama sitini, kutoka mabenki, mashirika, viwanda. Asubuhi walipeana salamu, mchana walipeana vyeti. Mmoja alipanda jukwaani kueleza jinsi kampuni yake ilivyoweka njia ya kiti cha magurudumu hadi ghorofa ya pili. Mtu wa nyuma akauliza wafanyakazi wangapi wanaitumia. "Bado hatujaajiri," alisema, na mkutano ukaendelea. Niliposhuka na mabango yangu niliwaona wahudumu wa hoteli wakila wamesimama jikoni, nyuma ya mlango wenye kibandiko cha maafisa wetu: Hapa Kila Mtu Ana Kiti. Hata hapo sikushtuka. Nilidhani ni hoteli ndiyo yenye makosa.

Sasa nieleze habari za mjomba, maana bila yeye Mama Visanduku angebaki kichekesho tu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwendeshaji wa mashine namba mbili, ya rangi nne, kwa miaka ishirini na tisa. Pale kiwandani wanamwita Kiganja. Wenzake husubiri karatasi zitoke, wachukue kioo cha kukuzia, wainame kuangalia kama rangi zimekaa sawa. Yeye huweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, akatulia kama daktari anayepima mapigo, kisha anasogeza kirungu nusu ya nukta. Rangi zinakaa. Nimeona mafundi wa kampuni iliyotengeneza mashine ile wakimwangalia wakatikisa kichwa.

Kiganja kilimfundisha kwa sababu masikio yalimwacha. La kushoto lilikufa kitambo. La kulia lilikuwa linafuata. Nyumbani tulilijua. Mkewe hugonga meza mara mbili kabla ya kumsemesha, na sisi watoto tulikua tukijua kwamba kwa mjomba unazungumza ukiwa mbele yake au huzungumzi. Kazini hakuna aliyejua. Ungejuaje? Chumba cha mashine ni mahali pekee kiwandani ambapo hakuna anayesikia kitu. Wote wameziba masikio, wote wanasemeshana kwa mikono. Mle ndani mjomba alikuwa sawa na kila mtu, na hakuna afisa aliyehitajika kumsawazisha.

Jambo moja tu lilimkera. Juu ya kila mashine kuna king'ora cha dharura, na pembeni yake taa nyekundu inayowaka king'ora kikilia. Taa ya mashine namba mbili iliungua. Mjomba alimwambia fundi umeme, fundi umeme akasema hazipo stoo. Miaka mitatu hazikuwepo stoo.

Mwaka ule Mama Visanduku alikuwa amebakiza sharti moja. Nembo inadai asilimia tano ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu. Kwetu sisi, hiyo ni watu kumi na wawili. Yeye alikuwa na kumi na mmoja, na kuwapata alihangaika. Alikuwemo mhasibu aliyeumia goti akicheza mpira wa idara, walikuwemo watatu wenye miwani mizito, alikuwemo katibu muhtasi mwenye pumu. Sisemi watu hao hawana shida zao. Nasema kabla ya fomu ile hakuna aliyewahi kuwauliza, na baada ya fomu ile hakuna aliyewauliza tena.

Alitukusanya kantini. Alisimama mbele ya dirisha, fomu mkononi.

"Fomu hii haina jina," alisema. "Ina namba, na namba nazijua mimi peke yangu. Hakuna meneja atakayeiona. Ukurasa wa kwanza unatia alama. Ukurasa wa pili unaandika unachohitaji ili ufanye kazi yako vizuri. Kujificha kunachosha, ndugu zangu. Najua."

Aliposema najua aliangalia chini. Mimi nilipiga makofi kabla ya wengine.

Jumapili nilikwenda kwa mjomba nikiwa na fomu mfukoni. Nilimkuta uani anatengeneza kiti. Niligonga meza mara mbili.

"Naona msomi umeleta mtihani," alisema.

Nikamweleza. Nikamwambia mambo ya haki, ya heshima, ya mtu kuwa mzima mahali pa kazi. Aliniangalia mdomo mpaka nikamaliza.

"Na mimi sasa hivi si mzima?"

"Mjomba, unaweza kupata taa."

"Taa?"

"Ukurasa wa pili. Unaandika unachohitaji."

Aliinua macho kwa mkewe, aliyekuwa anakunja nguo pembeni. Mkewe akasema, "Mtu asikudanganye, taa yenyewe ni ya bei ya soksi. Waombe tu kawaida."

"Nimeomba kawaida miaka mitatu," alisema mjomba. "Lete kalamu."

Alitia alama kwenye kisanduku cha kusikia. Ukurasa wa pili, kwa herufi zake kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya maboksi, aliandika: Taa ya king'ora cha mashine namba mbili imeungua. Naomba ibadilishwe. Basi. Nafasi iliyobaki aliipiga mstari ili mtu asiongeze neno.

Nilimpelekea Mama Visanduku kwa mkono wangu mwenyewe. Alihesabu, akafunga macho kidogo, akasema, "Kumi na mbili."

Siri aliitunza, kwa namna yao ya kutunza siri. Hakumtaja mtu. Alitengeneza jedwali zuri la rangi tatu kwa ajili ya kikao cha uongozi, idara kwa idara. Kwenye mstari wa sita aliandika: Chumba cha mashine, kusikia, mtu mmoja.

Chumba cha mashine kina watu wanne.

Afisa usalama alikuwemo kikaoni. Kesho yake alishuka na spana mfukoni. Ilikuwa saa ya chai, mashine zimezimwa, watu wanne wamempa mgongo wananawa mikono kwenye sinki. Aliiachia spana sakafuni. Watu watatu waligeuka. Mjomba aliendelea kusugua wino kwenye kucha.

Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na wote watatu, na wote watatu wanaposimulia huangalia pembeni, kana kwamba kosa lao lilikuwa kugeuka.

Barua ilitoka siku mbili baadaye. Mwendeshaji asiyesikia king'ora ni hatari kwake na kwa wenzake. Kwa kumjali, uongozi umempangia kazi nyepesi mapokezi, mshahara ule ule. Walimpa shati jeupe na beji yenye maneno Karibu, Niulize. Mtu ambaye hawezi kumsikia mgeni aliyesimama upande wa kushoto, wakamweka mlangoni kusikiliza wageni.

Mjomba hakugomba. Siku ya tatu tu ndipo aliponiambia, "Twende kwa mama yako wa fomu. Wewe ndiye unajua lugha yao."

Mama Visanduku alitupokea vizuri. Kwenye mlango wake palikuwa na karatasi: Mlango Huu Uko Wazi Daima. Tulipokaa, alinyanyuka akaufunga.

"Fundi, nimeumia sana," alianza. "Hili limetokea nje ya mikono yangu. Nimeshamwandikia meneja utumishi."

"Ulimwandikia nini?" niliuliza.

"Kwamba tunahitaji mazungumzo."

"Mjomba hataki mazungumzo, anataka mashine yake. Aliandika anachohitaji. Ukurasa wa pili uliusoma?"

Alivaa miwani, akaivua. Alikwenda kwenye kabati la chuma, akalifungua, kana kwamba huko ndiko jibu lilikokuwa, na kweli ndiko lilikokuwa. Rafu ya chini palikuwa na boksi la wino, limejaa karatasi zilizochanwa pembeni, bado zina alama za pini. Kurasa za pili za watu mia mbili na arobaini. Alikuwa amezibandua zote, kwa sababu wakaguzi huomba ukurasa wa kwanza tu.

"Nilipanga kuzisoma baada ya nembo," alisema.

"Nipe nizisome mimi. Leo leo."

"Haiwezekani. Ni siri."

Mle ndani ya boksi mlikuwa na kila kitu alichosema anakitafuta. Mtu anayehitaji kiti, mtu anayehitaji zamu ya mchana kwa sababu ya mtoto mgonjwa, mtu anayehitaji taa. Watu waliaminishwa, wakaandika kwa mikono yao, naye akaziweka karatasi zao pembeni ya viatu vyake vya mvua. Tena hakuwa mwovu. Mwovu angezisoma.

Mjomba muda wote huo alikuwa anamtazama. Sasa aliegemea mbele.

"Dada," alisema taratibu, "wewe ni sikio gani?"

Mama Visanduku hakutikisika. "Unasema?"

"Umeniona nilivyosema."

Mimi niliangalia huyu, nikaangalia yule.

"Nimekujua tangu warsha ya kwanza," mjomba aliendelea, bila ukali wowote. "Unakaa mgongo dirishani, uso wa mtu upate mwanga. Unarudia swali la mtu ili uhakikishe umelishika. Mtu akiziba mdomo kwa mkono unamwambia asimame. Hayo yote nayafanya mimi miaka mingi. Mke wangu tu ndiye aliyewahi kunigundua, na wewe nilikugundua kwa nusu saa. Nikasema moyoni, basi huyu atatuelewa."

Mama Visanduku alikaa. Mikono yake ilitafuta kitu mezani, ikapata kikopo cha kalamu.

"La kulia," alisema hatimaye. "Tangu nina miaka thelathini na moja. Nani mwingine anajua?"

Angalia swali alilouliza kwanza.

"Hakuna," alisema mjomba. "Sasa sikiliza hesabu yangu. Unataka kumi na wawili. Tia alama ya kwako, unirudishie ya kwangu. Watabaki kumi na wawili, tena wa kweli. Useme nilikosea kujaza. Na taa iwekwe, nirudi kwenye mashine. Hakuna atakayepungukiwa."

Nadhani ilikuwa hesabu safi kuliko zote zilizowahi kufanywa kwenye chumba kile. Hata yeye aliiona. Kwa muda mfupi uso wake ulilegea, nikamwona yule karani aliyefundisha watu fomu ya likizo. Kisha ukafunga.

"Fundi, nikitia alama ile unafikiri watanipa kile kiti? Watasema vikao vya kamati vina mabishano mengi, mama hataweza kuyafuatilia. Watasema wananijali. Watanitafutia kitu chepesi."

"Kwa hiyo unajua," nilisema.

"Najua nini?"

"Unajua kinachompata anayetia alama. Ulijua siku ile kantini. Ulisimama pale ukatuambia kujificha kunachosha, na wewe mwenyewe umejificha nyuma ya dirisha."

"Kijana, wewe una miaka mingapi kazini? Mitatu? Mimi ninayo ishirini na sita. Lazima kwanza mmoja wetu aingie."

"Uingie juu ya mgongo wake?"

"Msomi," mjomba alisema, akanigusa goti. Alinyanyuka. Alimwambia Mama Visanduku asante kwa muda wake, na nakuapia hakuwa anamkejeli. Naye, kwa mazoea ya kazi yake, au kwa kukosa la kufanya na mikono, alimpa kipeperushi cha warsha ijayo. Kiliitwa Kuyapokea Mabadiliko.

Wakaguzi walipangiwa kuja baada ya wiki tatu. Siku moja kabla yao, kiwanda kilipakwa rangi ngazini, na fundi umeme alipanda ngazi ya mkono juu ya mashine namba mbili akabadilisha taa. Nilimpima kwa saa. Dakika tisa, pamoja na kushuka kuokota bisibisi. Taa ilikuwepo stoo. Chini yake, mwendeshaji mpya mwenye masikio mawili mazima alikuwa amefungua kioo cha kukuzia anatafuta kwa nini bluu yake inakimbia mahali pake.

Mkaguzi mkuu alikuwa bwana mpole mwenye orodha kwenye ubao wa kuandikia. Mama Visanduku alimtembeza, mkurugenzi akiwa nyuma yao anatabasamu kwa kila mtu kama bwana harusi. Walimalizia mapokezi. Mimi nilikuwa nimejipachika karibu na mashine ya maji, nimeshika karatasi za kusahihisha ambazo sikuzisoma.

"Na huyu ni mmoja wa wale kumi na wawili," alisema mkurugenzi. "Mkongwe wetu."

Mkaguzi alimpa mjomba mkono. "Unafanya kazi gani hapa, mzee?"

"Kazi yangu ni kuhesabiwa," alisema mjomba.

Mkurugenzi alicheka kwa nguvu, na mkaguzi akacheka kwa adabu, kisha akaacha. Aliangalia orodha yake, akamwangalia mjomba tena. Nampa haki yake, bwana yule alihisi kitu.

"Niambie ukweli," alisema. "Ukiwa na hali hii ya kusikia, hapa uko peke yako? Hakuna mwingine wa kusaidiana naye, hata huko ofisini?"

Mama Visanduku alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao. Hakumtazama mkaguzi. Alikuwa anautazama mdomo wa mjomba, na mjomba alimwona anautazama. Nilijua kwamba neno moja tu lingetosha. Nembo ingekwama, wangefungua mafaili, wangeuliza kwa nini afisa mwenyewe hakujaza fomu yake, labda hata lile boksi la wino lingetoka kabatini. Mjomba angeweza kurudi kwenye mashine yake.

"Hayupo," alisema mjomba. "Niko peke yangu."

Mkaguzi aliandika.

Jioni nilimfuata hadi nyumbani, nikamfokea njia nzima, na kwa sababu nilikuwa upande wake wa kushoto hakusikia hata neno. Ilibidi nimfokee upya mlangoni, mbele yake, mkewe akisikiliza.

"Nimtaje ili wamfanye nini?" aliniuliza. "Wamvue koti wamlete mapokezi? Tukae wawili pale, mmoja asisikie kulia, mwingine asisikie kushoto, mgeni apite katikati?"

Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Bado sicheki. Najua mjomba alifanya wema, na najua wema wake ulimwangukia mtu ambaye hakuwa ametenda kitu cha kuustahili. Watu kama Mama Visanduku huishi kwa wema wa aina hiyo. Wanasimama juu yake, wanaongea kuhusu usawa, na ukiwaambia washuke wanakuonyesha cheti.

Nembo ilipatikana. Zabuni ya vitabu ilipatikana. Kibao cha stoo kiling'olewa kikapelekwa ghorofa ya tatu, na Mama Visanduku akapewa kiti kwenye kamati ya uongozi. Katibu muhtasi mwenye pumu, ambaye huandika kumbukumbu za vikao, ameniambia kwamba kikao cha kwanza mama huyo alifika nusu saa kabla na kuchukua kiti cha dirishani. Nilimuuliza katibu kama mama huyo amewahi kuleta hoja ya mapokezi, au ya lile boksi. Alisema bado hajaleta, anasoma mazingira kwanza. Sasa ni mwezi wa nane anasoma mazingira.

Wiki mbili baada ya nembo, kiwanda kilichapa kijitabu chake cha kujisifu, nakala elfu tatu, kwenye mashine namba mbili. Jalada lilikuwa na picha ya mjomba, beji ya Karibu kifuani, anatabasamu. Maboksi yaliletwa mapokezi yasubiri kupelekwa juu. Mjomba alifungua moja, akatoa nakala, akaiweka kaunta. Hakuhitaji kioo. Nyekundu ilikuwa imekimbia, chini na kulia, unene wa uzi. Haikuonekana sana kwenye shati wala kwenye ukuta. Mdomoni ilionekana. Mdomo wake ulikuwa umejitokeza mara mbili, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyepigwa picha akiwa anasema maneno mawili kwa pamoja.

Mama Visanduku alishuka ngazi kuchukua maboksi. Mjomba alisubiri mpaka alipomfikia kwa mbele.

"Dada, hii imeharibika. Nyekundu imekimbia."

Alichukua nakala, akavaa miwani, akaangalia. Niliona macho yake yakienda moja kwa moja mahali penyewe, yakakaa pale.

"Zimeshalipiwa, fundi," alisema. "Nani ataona?"

"Mimi na wewe," alisema mjomba.

Mama Visanduku alirudisha nakala ndani, akalifunga boksi, akalibeba mwenyewe hadi ghorofa ya tatu.